Kabla ya Kununua Kiti cha Mtoto, Lala Chini Uangalie Bolti

Watu wakiliona gari letu huuliza habari za kitanda. Kinakunjwaje, wanalala wangapi, na kwa joto hili la Tanga mnapumuaje humo ndani? Huwajibu upesi upesi, halafu nawaomba wainame nyuma ya siti ya dereva wachungulie benchi la abiria lilivyofungwa. Wengi huinama kwa adabu tu, kisha hao wanarudi kwenye kitanda. Wenye watoto wadogo hupiga magoti kabisa, na hao ndio ninaowaandikia leo.

Gari lenyewe ni Hiace ya umbo lile lililoanza mwaka 2004. Ilikuja kutoka Japani ikiwa ya mizigo, na benchi moja la watu watatu nyuma ya viti viwili vya mbele. Baba Nuru aliitumia kubebea vipuri vya biashara yake, na mzigo ulipozidi akatafuta gari kubwa zaidi. Hiace tukaifanya gari la kutembelea na kulala: godoro, jiko, madumu ya maji, taa za sola, mapazia ya vitenge. Sikukuu zikifika tunavuka Pangani, au tunapanda Lushoto, au tunakwenda Bagamoyo kwa wifi yangu. Wakati tunaanza, Nuru alikuwa anatambaa. Sasa anakimbia, mwenye kutambaa ni mdogo wake, kwa hiyo viti vya watoto humo ndani ni viwili na kila kimoja kina masharti yake.

Nianze na jambo ambalo wauzaji wa viti hawalisemi kwa sababu si kazi yao kulisema. Kiti cha mtoto hakina nguvu ya kwake. Kinashikwa na mkanda, mkanda unashikwa na benchi au na bodi ya gari, benchi linashikwa na sakafu. Ukinunua kiti cha bei kali ukakifunga kwenye benchi lililochomelewa juu ya bati, basi mtoto, kiti na benchi vyote vitaruka pamoja. Kwenye gari dogo la kawaida hayo kiwanda kilishayawaza. Kwenye gari lililovuliwa siti na kuvalishwa nyingine gereji, hakuna aliyewaza mpaka uwaze wewe.

Hesabu yake ni fizikia ya sekondari. Mwendo wa 50, ule wa vibao vya vijijini ambao watu wa tochi wanausubiri kwa hamu, ni karibu mita 14 kwa sekunde. Gari likivaa kitu kisichosogea husimama kwa muda mfupi mno, tuseme sekunde 0.07. Gawanya, utaona ni kama mara 20 ya nguvu ya uvutano. Mtoto wa kilo 10 kwa kitambo hicho anavuta kama kilo 200, sawa na magunia mawili ya mahindi. Hakuna mikono ya mama inayozuia magunia mawili ya mahindi, hata mama awe amekulia kwenye kinu na mchi. Sasa rudi kwenye benchi ambalo mikanda yake imefungwa kwenye fremu yake yenyewe. Mtu mzima wa kilo 70, mtoto wa kilo 14, kiti chake kilo 10, benchi kilo 40. Jumla kilo 134, mara 20, unapata tani 2 na robo tatu hivi, zote zinataka kung'oa bolti nne.

Ndiyo maana kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa, ile namba 14, inayohusu mahali mikanda inaposhikizwa. Kwa gari la abiria, kipande cha begani na kipande cha kiunoni kila kimoja kinavutwa kwa nguvu ya karibu niutoni 13,500, kwa wakati mmoja, na mahali pa kushikizia pasing'oke. Gereji gani ya kwetu ina mashine ya kuvuta hivyo? Simlaumu fundi. Nasema tu kwamba kazi ambayo haijapimwa usiikabidhi mtoto.

Fundi tuliyempelekea gari yuko Ngamiani, fundi wa bodi hasa, mtu wa kazi safi. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa mzuri kwa macho. Alitaka kung'oa benchi la Japani, aweke siti za skwea paipu zenye umbo la L zinazozunguka ukuta wa gari, chini masanduku ya vyombo, juu sponji na kitambaa cha maua.

"Mama Nuru, hapa utakaa na wageni wako kama uko sebuleni."

"Na mtoto tumfunge wapi, fundi?"

"Mikanda ipo. Ninayo ya Noah moja ilipondeka, mizima kabisa."

Mkanda uliomzuia mtu kwenye ajali umeshafanya kazi yake. Nyuzi zake zimevutika hata kama macho hayaoni, na chuma chake pengine kimepinda. Hilo moja. La pili ni zito zaidi: siti inayotazama ubavuni. Mkanda wa gari umetengenezwa kumzuia mtu anayerushwa mbele, ashikwe kwenye mfupa wa bega na mifupa ya nyonga. Aliyekaa ubavu anarushwa kwa upande, na mkanda ule ule unamwingia shingoni au tumboni. Kiti cha mtoto ukikifunga hapo kinapinduka naye. Vitabu vya maelekezo vya viti vya watoto vinasema vifungwe kwenye siti ya gari inayotazama mbele. Na zile siti za gari za kulala ambazo wawili wanatazamana na meza katikati, ile iliyogeuzia mgongo dereva watengenezaji wengi nayo hawaikubali.

Basi benchi la Japani likabaki. Fundi alinuna kidogo, kisha akaingia uvunguni na taa ya simu na mimi nikalala chini upande wa pili, kanga yote vumbi. Akakisugua kichwa cha bolti moja kwa dole gumba mpaka tope likatoka, akasoma kwa sauti: "Nane nukta nane." Hiyo ni alama ya nguvu ya chuma, inapigwa kwenye kichwa cha bolti, na bolti ya dukani isiyo na alama yoyote hujui imetengenezwa na nini. Akanionyesha tena kwamba bolti za kiwanda hazikupita kwenye bati tupu. Zimeingia mahali ambapo chini yake kuna mhimili uliokunjwa na kuongezwa unene. Bati la sakafu lenyewe ni jembamba, kama milimita moja. Ukilitoboa mahali popote ukakaza nati na washa ndogo, bolti itapita na washa yake kama kisu kwenye karatasi.

Kama gari lako lilishang'olewa benchi kabla hujalinunua, ushauri wangu ni mmoja: tafuta benchi la gari hilo hilo, la umbo hilo hilo, lenye mikanda yake, lirudi kwenye matundu yake. Kwenye yadi za vipuri yapo, kwa sababu walioyang'oa waligeuza magari kuwa daladala au ya mizigo. Benchi la kuchomelea, hata likiwekewa plati nene chini ya sakafu, mimi mtu mzima ningelikalia kwa mwendo wa taratibu mpaka Sahare. Mtoto nisingemkalisha.

Kitanda je? Benchi linakunjwa mbele, mbao zinatandazwa kutoka kwenye kabati la nyuma. Tumepoteza nafasi kidogo ya kugeukia usiku. Yule anayekwambia kuwa benchi la kiwanda linaharibu mpangilio wa gari la kulala anasema kweli, na uharibifu huo nimeukubali.

Kuna viti vinavyofungwa kwa ISOFIX, yaani vyuma viwili vidogo vilivyojificha kati ya mgongo na kikalio cha siti ya gari, kila kimoja kina unene wa milimita 6, na kutoka kimoja hadi kingine ni milimita 280. Kiti kina mikono miwili inayouma vyuma hivyo, kah! kah!, na kimeshika. Ni njia nzuri kwa sababu haimwachii mzazi nafasi kubwa ya kukosea. Ingiza vidole kwenye pengo la siti utavikuta au hutavikuta. Kwenye Hiace yetu havipo. Fundi alijitolea kuvitengeneza kwa nondo ya milimita 6 na kuvichomelea kwenye fremu ya benchi, jioni viko tayari. Nilimshukuru, nikakataa. Hata ISOFIX ya kiwanda ina kikomo: kiti na mtoto wake kwa pamoja visizidi kilo 33. Kikomo hicho kimetokana na kupima, na nondo ya fundi haina kikomo kinachojulikana. Mkanda wa kiwanda uliofungwa sawasawa unatosha, na viti vingi vimeidhinishwa kufungwa kwa mkanda tu.

Tatizo ni mkanda upi. Benchi letu lina mikanda ya bega na kiuno dirishani pande zote mbili, na katikati mkanda wa kiunoni peke yake. Kiti cha mdogo wake Nuru, kile cha kubebea kichanga kinachotazama nyuma, kinahitaji mkanda wa bega: kipande cha kiuno kinapita juu ya miguu ya mtoto, cha bega kinazunguka nyuma ya kiti. Kinakula mkanda mrefu ajabu. Nenda dukani na gari lako, au mwombe muuzaji ukijaribishe kiti, kwa sababu siti za nyuma za magari ya mizigo nyingine mikanda yake haifiki. Kuna viti vikubwa vichache vinavyokubali mkanda wa kiunoni tu, na kibandiko chake kitasema. Kile kikalio kitupu cha kumwinulia mtoto mkubwa hakikubali kabisa. Ukimkalisha mtoto juu yake kwa mkanda wa kiunoni, kiwiliwili chote kinakunjika mbele na mkanda unazama tumboni.

Mbele je, pembeni mwa dereva? Hiace haina pua. Injini iko chini ya makalio yenu na kati ya magoti na kioo hakuna kitu cha maana. Na gari lolote lenye mfuko wa hewa kwenye dashibodi, kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi mbele yake kama mfuko haujazimwa, kwa sababu unafumuka kwa kishindo na kugonga mgongo wa kiti pale pale kilipo kichwa cha mtoto.

Kutazama nyuma ndiko kunakoleta ubishi kwenye familia. Mama mkwe wangu alipomwona mjukuu kageuzwa alisema, "Mtoto wamuadhibu? Wamnyima kuona njia?" Nikamwambia, mama, kichwa cha mtoto mchanga ni robo ya urefu wake wote, cha kwako hakifiki hata sehemu ya saba, na mifupa ya shingo yake bado haijakomaa. Akitazama mbele, gari likisimama ghafla kiwiliwili kinazuiwa na kichwa kinaendelea na safari. Akitazama nyuma, mgongo wote na kichwa vinapokelewa na kiti kwa pamoja. Wazo hilo lina asili ya kupendeza. Miaka ya 1960 daktari Msweden, Bertil Aldman, aliangalia wanaanga wa Marekani wa Gemini wanavyolala chali wakati wa kurushwa, mgongo ukipokea nguvu yote, akauliza kwa nini mtoto wa gari asikae hivyo. Mwaka 1964 kiti cha majaribio kikafungwa ndani ya Volvo. Sweden hadi leo watoto wengi hutazama nyuma mpaka karibu miaka 4. Kanuni mpya ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, namba 129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, inataka mtoto atazame nyuma mpaka apite miezi 15.

Mama mkwe alisikiliza yote, akatoa hukumu: "Nyinyi niliwapakata mpaka Mombasa na mpo." Kweli tupo. Ila takwimu za Marekani, kwa magari madogo, zinasema kiti cha mtoto kinapunguza vifo vya wachanga kwa asilimia 71 na vya watoto wa mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Sikumsomea. Ukibishana na mama mkwe kwa asilimia umeshashindwa.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya dakika chache na jasho. Kiti kikubwa cha Nuru, kinachotazama mbele, kina njia ya mkanda yenye alama nyekundu. Kwa kinachotazama nyuma alama ni ya bluu. Pitisha mkanda kwenye njia yake, chomeka, kisha panda goti juu ya kikalio cha kiti, uzito wako wote, sponji ya benchi ibonyee, na huku umebonyeza vuta kipande cha kiuno kwanza, cha bega baadaye. Achia. Sasa kishike kiti pale pale mkanda unapopita ukitikise kulia na kushoto. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, anza upya. Juu ya kiti kutacheza kidogo, usijali. Pima pale kwenye mkanda. Angalia na kifungio chenyewe. Kama shingo yake ni ndefu na kinalalia ukingo wa plastiki wa kiti, siku ya kuvutwa kinaweza kuvunjika au kuachia. Kwetu upande wa kulia kifungio kinakaa vizuri na upande wa kushoto kinagusa ukingo, benchi ni hilo hilo moja. Nuru anakaa kulia.

Kisha mikanda ya ndani inayomshika mtoto mwenyewe. Kwa anayetazama mbele itoke usawa wa mabega au juu kidogo, kwa anayetazama nyuma usawa wa mabega au chini kidogo. Kaza mpaka ukijaribu kuifinya kwa kidole gumba na cha shahada pale mfupani begani usipate mkunjo wa kushika. Watu wengi hulegeza hapo kwa huruma. Lushoto ndiyo inayotukamata. Tunaondoka Tanga mtoto yuko na fulana, tunafika Mombo, zile kona za kilomita 33 hivi zinaanza, na mjini Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya bahari, mwezi wa saba baridi ya kweli. Unamvika jaketi nene, unamfunga, unaona imekaza. Jaribu siku moja nyumbani: mvike jaketi, mfunge, kisha mfungue bila kugusa marekebisho ya mkanda, mvue jaketi, umrudishe. Utashangaa nafasi iliyobaki. Kwenye ajali jaketi linasinyaa na nafasi hiyo ndiyo anayoponyokea. Sisi tunamfunga na sweta jembamba, shuka la kimasai linakuja juu ya mikanda.

Joto la huku chini lina yake. Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na kifungio cha chuma kinakuwa kama pasi. Tukiegesha, kanga inafunika viti vyote viwili, na kabla ya kumkalisha mtu nagusa chuma kwa mgongo wa kiganja. Kumwacha mtoto ndani "naenda dakika mbili tu" hakumo kwenye mazungumzo.

Viti tulivipata wapi? Kimoja kilitoka Maskati kwa shangazi, kingine mtumba wa Japani. Wajapani tangu Aprili 2000 sheria inawataka watumie kiti kwa mtoto wa chini ya miaka sita, kwa hiyo viti vipo vingi na huvuka bahari pamoja na magari. Ukishika cha mtumba geuza utafute kibandiko cha rangi ya chungwa chenye E ndani ya duara na namba pembeni. Namba ni ya nchi iliyoidhinisha, 43 ni Japani, 4 ni Uholanzi, 1 Ujerumani. Chini yake soma uzito kwa kilo, na namba ya kanuni: 44 ikifuatiwa na 03 au 04 inakubalika, 01 na 02 ni ya kizamani, Ulaya walishaipiga marufuku. Kisha vua kitambaa chote. Plastiki yenye ufa, au iliyogeuka nyeupe pale inapokunjika, irudishe kwa mwenyewe. Na kama muuzaji hajui kiti kimepitia ajali au la, jibu ni hilo hilo. Mimi ningenunua kipya cha bei rahisi chenye alama kuliko cha mtumba cha jina kubwa kisicho na historia, na cha Nuru tulikichukua kwa sababu mwenye gari lililokileta tunamjua.

Shangazi awali alitaka kutuma kile chenye mguu mrefu unaosimama sakafuni. Nilimwomba asitume. Viti hivyo vinakuja na orodha ya magari vinakotoshea, na mguu unahitaji sakafu ngumu. Magari ya kulala huwa na sakafu ya pili ya plaiwudi, chini yake uvungu wa kuweka vitu. Mguu ukishuka kwa kishindo unatoboa plaiwudi, na kiti kinafuata.

Pima pia kilicho mbele ya mtoto. Kanuni ya zamani ya viti inaruhusu kichwa cha mtoto anayetazama mbele kufika mpaka sentimita 55 kutoka pale mgongo na kikalio cha siti vinapokutana. Chukua futi, weka hapo, uone sentimita 55 zinaishia wapi. Kwetu ziliishia kwenye ukingo wa meza ya kukunja. Meza sasa inasafiri imelazwa chini ya godoro.

Na kilicho nyuma yake. Dumu la lita 20 lililojaa, kwa hesabu ile ile ya mara 20, linakuja na kilo 400. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 una na chuma chake juu. Pazia la kitenge halizuii chochote. Kila kizito kinakaa sakafuni, kimeegemea mgongo wa benchi, kimefungwa kwa mikanda ya mizigo kwenye pete za kiwanda zilizoko sakafuni, na valvu ya gesi imefungwa. Sheria hiyo inahusu na fenesi. Tukipita Muheza mama mkwe hununua fenesi kubwa kuliko mjukuu, na fenesi nalo linafungwa mkanda. Hilo analicheka mpaka leo, lakini hulifunga mwenyewe.

Trafiki hawajawahi kutuuliza habari za viti vya watoto. Wanaangalia leseni, bima, mtungi wa kuzimia moto, wanachungulia ndani, wanashangaa kitanda, tunaendelea. Tunasimama kila baada ya saa mbili hivi, Segera au Korogwe, mtoto atolewe anyooke, kwa sababu kichanga kukaa kwenye kiti muda mrefu kidevu kikiangukia kifuani anaweza kubanwa pumzi. Gari likishaegeshwa kwa usiku, kichanga hulala kitandani kwake tambarare, si kwenye kiti. Na gari likitembea hakuna anayelala kitandani, hata mtu mzima. Kwenye kivuko cha Pangani ni kinyume chake: mikanda yote inafunguliwa, watoto wanashuka mikononi, kwa kuwa juu ya maji hatari ni nyingine.

Nuru anakaribia kilo 18, ambazo ndizo mwisho wa kiti chake. Kinachofuata ni kile cha mgongo mrefu cha kumwinulia, kinachotumia mkanda wa bega wa gari moja kwa moja, kwa hiyo lazima abaki dirishani. Mdogo wake naye lazima awe dirishani upande wa pili. Katikati, kwenye mkanda wa kiunoni, panabaki nafasi moja ya mtu mzima, na mtu mzima wa safari zetu anajulikana. Nimeshamweleza kwamba mkanda wa kiuno peke yake si mzuri hata kwake, kwamba heshima yake ni siti ya mbele na mimi nikae katikati ya watoto. Anasema mbele kuna jua na hawezi kuwafikia wajukuu. Mazungumzo yanaendelea.